Jibu la mtaalamu: Kufikisha keki iliyopambwa ikiwa nzima baada ya safari ndefu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimepewa kazi ya keki ya harusi ya ngazi tatu, iliyovishwa fondanti nyeupe (vazi laini la sukari) na kupambwa kwa maua ya sukari. Ukumbi uko mwendo wa saa 9 kwa gari kutoka jikoni kwangu, na huu ni msimu wa joto. Mteja huyohuyo anataka pia keki ndogo ya inchi 6 itumwe kwa kampuni ya vifurushi kwa bibi yake, ambaye hataweza kuhudhuria. Nifanye nini ili zote mbili zifike salama?

Jibu: Marahaba. Umefanya vyema kuuliza kabla hujawasha oveni, kwa sababu sehemu kubwa ya usalama wa keki inayosafiri huamuliwa jikoni, siku kadhaa kabla boksi halijafungwa. Wapambaji wengi hutengeneza kwanza keki wanayoitamani, kisha siku ya safari ndipo huhangaika kutafuta boksi, kitu cha kuikingia na dereva mpole. Mimi nakushauri uende kinyume chake: uanze na safari, ujue urefu wake, joto lake na mikono itakayoibeba keki, halafu safari hiyo ndiyo ikuchagulie kiini, yaani keki yenyewe ya ndani, pamoja na kijazo, krimu na mapambo. Keki zako mbili zina safari mbili tofauti kabisa, moja ikiwa chini ya macho yako mwenyewe na nyingine ikiwa mikononi mwa watu wasiojua kilichomo, kwa hiyo zitakuwa keki za tabia tofauti hata kama mteja anataka zifanane kwa sura.

Nianze na kiini. Keki ya sponji, iliyoumuka kwa hewa ya mayai yaliyopigwa, ni laini mno kwa mtikisiko wa saa 9. Tabaka la chini hubanwa kidogo kidogo, kijazo husukumwa nje, na fondanti iliyokuwa imenyooka hutokeza uvimbe unaoizunguka keki kama mkanda kiunoni. Chagua kiini kizito chenye siagi ya kutosha, au keki ya chokoleti yenye unyevu na chembe zilizoshikana, au keki ya matunda makavu iwapo mteja ataikubali. Hiyo ya matunda makavu haina mpinzani katika uvumilivu. Mwaka 2017 wahifadhi wa Antarctic Heritage Trust waliikuta keki ya matunda ya Huntley & Palmers ndani ya mkebe wake huko Cape Adare, Antaktika, ambayo inaaminika ilipelekwa na msafara wa Robert Falcon Scott wa 1910 hadi 1913. Mkebe ulikuwa umeliwa na kutu, lakini keki ilikuwa imeshika umbo lake na bado ilinukia karibu kama kitu kinacholika. Baridi ya huko ilisaidia, bila shaka, ila keki ya aina hiyo ina pia sukari nyingi, mafuta, unyevu mdogo na chembe zilizoshikana, na sifa hizo ndizo unazopaswa kuzitafuta katika keki yoyote ya safari.

Kwenye kijazo sina nafasi ya kulegeza. Usitumie kastadi, krimu ya maziwa iliyopigwa, jibini laini wala matunda mabichi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inaelekeza kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae kati ya takriban nyuzi 4 na 60 za Selsiasi kwa zaidi ya saa 2, na joto la nje likizidi nyuzi 32, muda huo hupungua hadi saa 1. Saa 9 za barabarani ziko mbali mno na kipimo hicho, na hapo tunazungumzia afya ya wageni, si sura ya keki tena. Tumia ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu ya maziwa) yenye chokoleti nyingi, krimu ya siagi yenye sukari ya kutosha, au jamu iliyopikwa ikashika. Ukishapanga matabaka na kuyajaza, ifunge keki kwa plastiki, weka juu yake ubao wa keki na kitu chenye uzito wa wastani, kisha iache itulie usiku kucha. Hewa iliyonaswa katikati ya matabaka itatoka, keki itashuka kadiri itakavyoshuka, nawe utapunguza kijazo kilichochungulia pembeni kabla ya kuipaka na kuivisha. Hatua hiyo wengi huiruka kwa haraka ya kazi, kisha uvimbe unapotokea njiani humlaumu dereva.

Sasa nije kwenye joto. Siagi huanza kulegea ikifika nyuzi 20 hivi, na kati ya nyuzi 32 na 35 huyeyuka kabisa. Maana yake ni kwamba krimu ya siagi tupu haiwezi kusimama saa 9 msimu wa joto bila kiyoyozi, hata uipige kwa ustadi gani. Chini ya fondanti mimi hupendelea ganashi, kwa sababu ikishapoa huganda ikawa gamba gumu linaloshikilia kona na kuta za keki. Kwa chokoleti nyeusi, uwiano wa kawaida kwa uzito ni sehemu 2 za chokoleti kwa sehemu 1 ya krimu. Msimu wa joto unaweza kupandisha chokoleti hadi sehemu 3. Chokoleti nyeupe ni laini zaidi, hivyo anzia sehemu 3 na uende hadi 4. Hata hivyo, usiifanye ganashi kuwa kinga ya kila kitu, kwani mafuta ya kakao nayo huyeyuka karibu na nyuzi 34, na ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani joto hupita hapo kwa dakika chache tu. Kwa hiyo washa kiyoyozi mapema ili gari lipoe kabla keki haijaingia, na kama mtasimama kula njiani, mtu mmoja abaki ndani na injini ikiwaka.

Hapa wengi hukimbilia friji, na friji ndiyo inayoleta tatizo ambalo huwasumbua wapambaji kuliko yote, yaani keki kutoka jasho. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 huanza kuacha maji juu ya kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi. Keki iliyotoka friji ikiwa na nyuzi 5 itavuta maji mara tu boksi linapofunguliwa, na kwa kuwa fondanti ni sukari, maji hayo yataiyeyusha juu juu, uso utakuwa unanata na kung'aa, na rangi nzito kama nyekundu na nyeusi zitachuruzika juu ya nyeupe. Niliwahi kuitwa kuitazama keki iliyofika ikiwa safi kabisa, kisha wenyeji wakafungua boksi papo hapo katika ukumbi wenye joto ili waipige picha. Utepe mwekundu uliozunguka kitako chake ulikuwa umeanza kutiririsha rangi hata kabla picha hazijaisha. Tiba ya jasho si kupangusa, kwa sababu ukipangusa unaacha alama ambazo hazitoki. Tiba ni kulifunga boksi zima kwa plastiki likiwa bado ndani ya friji, kisha kuliacha limefungwa hadi keki ilingane na joto la chumba. Maji yatatua juu ya plastiki badala ya kutua juu ya keki. Ikiwa jasho limekwisha kutokea, usiguse kitu. Washa feni au kiyoyozi katika chumba hicho na usubiri likauke lenyewe.

Kwa safari yako ningefanya hivi: keki zilizojazwa na kupakwa ganashi zipoe vizuri, zivishwe fondanti, zilale katika chumba chenye kiyoyozi, na zisafiri katika gari lenye nyuzi 20 au chini kidogo. Kwa njia hiyo tofauti ya joto kati ya keki na hewa haitakuwa kubwa, na jasho, hata likitokea, litakuwa la kukauka haraka.

Swali linalofuata ni kama zisafiri zikiwa zimepandishwa au kila ngazi peke yake. Kwa saa 9 jibu langu ni moja tu: kila ngazi iwe na boksi lake, na upandishie ukumbini. Sababu yake inapimika. Breki ya ghafla kwenye lami kavu husukuma kila kilichomo garini kwa nguvu inayokaribia robo tatu ya uzito wake. Keki yenye kimo cha sentimita 40 na kitako cha sentimita 20 huanza kupinduka nguvu hiyo inapofika nusu tu ya uzito wake. Igandishe keki hiyohiyo kwenye ubao wa sentimita 36, nayo itastahimili hadi sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake kabla ubao haujanyanyuka. Lakini ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 juu ya ubao mpana haipinduki kwa breki ya kawaida wala ya dharura. Kwa hiyo ubao wa keki ndio usalama wenyewe: uwe mgumu usiopinda, unene wa milimita 12 kwa ngazi ya chini, na keki iwe imegandishwa kwake kwa ganashi au aisingi nzito ya ute wa yai. Ngazi za juu zikae kila moja kwenye kadi nyembamba inayolingana na kitako chake, na kadi hiyo ibandikwe kwa muda kwenye ubao mpana wa kusafiria, ili ukifika uibandue na kuipandisha.

Boksi libane ubao pande zote nne, kwani boksi kubwa kuliko ubao huigeuza keki kuwa mpira wa kugongana na kuta. Uliweke kwenye sakafu ya gari iliyo sawa, si kwenye kiti, maana viti vya magari huinamia nyuma na kulegea vinapokaliwa. Chini ya boksi tandika mpira wa kuzuia kuteleza, na utandike mwingine ndani ya boksi, chini ya ubao. Buti la magari mengi halifikiwi na kiyoyozi ipasavyo, kwa hiyo gari ambalo sehemu ya mizigo na ya abiria ni chumba kimoja ndilo linalokufaa. Kwa dereva agizo ni fupi: aache nafasi kubwa mbele, aanze kupunguza mwendo mapema, na matuta ayapande taratibu akiwa amenyoosha usukani.

Kupandisha kwenyewe kunategemea nguzo, yaani vijiti vinavyosimama ndani ya keki na kubeba ngazi ya juu yake, na hapa nitakawia kidogo. Zitie nguzo ngazi ya chini na ya kati ukiwa bado jikoni, kwa utulivu na mwanga mzuri. Chomeka nguzo moja ya plastiki au ya mbao safi mahali keki ilipo juu zaidi, ishuke wima hadi ikite kwenye ubao, kisha weka alama kwa kalamu ya rangi ya chakula pale inapokutana na uso wa fondanti. Itoe, ikate, na uitumie kama kipimo cha kukatia nyingine zote. Usipime kila nguzo kwenye tundu lake, kwa sababu uso wa keki hauko sawa kila mahali, na nguzo iliyo fupi kwa milimita 2 haibebi chochote; uzito wake huangukia jirani zake, nazo huanza kulala. Zisimamishe zote juu ya meza, weka ubao bapa juu yake na uinamishe jicho: usione mwanga kati ya ubao na nguzo yoyote. Kwa ngazi ya juu yenye upana wa sentimita 15, nguzo 4 hutosha. Kwa ile ya sentimita 20 inayokaa chini yake, panga 5 au 6 kwenye ngazi inayoibeba. Zipange kwa duara lililo ndani kidogo ya ukingo wa ngazi itakayokaa juu, ili zisionekane. Ukumbini unaweza kuongeza nguzo ndefu moja ya katikati inayopenya ngazi zote, kwa usalama wa meza itakayogongwa na watoto au kusogezwa na wahudumu.

Maua ya sukari yasisafiri juu ya keki. Petali zilizokauka ni nyembamba na hazijui kupinda, nazo hupasuka kwa mtikisiko mdogo ambao keki haiuhisi hata kidogo. Chukua chombo chenye kimo kuliko maua, gandisha kipande cha povu gumu kwenye kitako chake, kisha uchomeke waya wa kila ua katika povu hilo ukiacha nafasi, ua lisiguse jirani wala ukuta. Maua mapana yaegemeze kwa vipande vya sponji laini chini ya petali. Chombo kisiingie kwenye friji, kwa sababu sukari hiyo hunywa unyevu na petali hulala. Tengeneza maua ya akiba, hasa yale membamba, na ubebe pia petali chache zisizofungwa. Waya usiingie moja kwa moja ndani ya keki. Uvalishe kwanza kwenye mrija safi wa plastiki, kisha mrija ndio uchomekwe.

Nije sasa kwenye keki ya bibi, ambayo kwa kweli ndiyo ngumu zaidi. Kifurushi hupita kwenye mikanda ya mashine, huteremshwa kwenye miteremko, hurundikwa chini ya vingine, na mshale wa kuonyesha upande wa juu hauhakikishi kwamba kitabaki kimesimama. Iandae kana kwamba itageuzwa chini juu. Keki ya ngazi zaidi ya moja au yenye mapambo yaliyochomoza nisingekubali kamwe kuituma kwa njia hiyo, hata mteja akisema atabeba lawama mwenyewe. Keki moja ya inchi 6 inawezekana, kwa sharti isafiri ikiwa imegandishwa kwa friza hadi katikati.

Iachie fondanti keki kubwa. Hii ipake krimu ya siagi ya rangi ileile na uipambe kwa michoro iliyolala, isiyotokeza. Ibandike kwenye ubao wake, uiweke katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri usiku mzima hadi iwe ngumu kama jiwe, kisha izungushie ukanda wa plastiki safi ngumu unaoshika ubavu wote, uifunge kwa plastiki ya chakula na kuirudisha friza. Siku ya kutuma, iingize katika boksi dogo linaloibana pande zote pamoja na juu, na boksi hilo uliweke ndani ya kasha la povu gumu lenye unene wa sentimita 4 au 5, pakiti za jeli ya baridi zikiwa juu na ubavuni. Jaza kila uwazi, kwa maana pakiti ya jeli iliyoganda ikipata nafasi ya kutembea ndiyo itakayoivunja keki. Kasha nalo liingie kwenye katoni nene ya kuta mbili. Baadhi ya watu hutumia barafu kavu, ambayo huwa na nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Inafanya kazi, lakini huunguza ngozi, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi inayoweza kupasua chombo kisicho na tundu, na ni hatari katika gari lililofungwa. Kampuni za usafirishaji huihesabu kuwa shehena hatari yenye masharti yake. Kwa safari ya siku moja, jeli inatosha.

Kabla ya kutuma keki yenyewe, jaribu ufungashaji. Tia ndani ya mfumo huohuo keki ya majaribio ya uzito uleule, iliyoganda na kupambwa kwa krimu, kisha iangushe katoni kutoka kimo cha kiuno juu ya kila uso wake na juu ya kona moja. Ukifungua ukakuta imevunjika, tatizo ni uwazi, si ulaini wa keki. Ongeza kujaza na ujaribu tena. Tuma mwanzoni mwa wiki, ili kifurushi kisilale ghalani siku za mapumziko. Mwandikie bibi, au anayeishi naye, maelezo mafupi yaliyobandikwa ndani ya katoni: asiifungue plastiki, aiweke boksi zima kwenye friji usiku mmoja, kisha chumbani kwa saa chache kabla ya kufungua. Maua mawili au matatu madogo yanaweza kutumwa katika kichupa cha plastiki kilichojazwa pamba, ayaweke mwenyewe, na hapo keki yake itafanana na ile ya ukumbini.

Kama siku moja utalazimika kubeba keki kwa ndege, uibebe mkononi na si kwenye mzigo wa chini, baada ya kuuliza vipimo vya shirika husika. Shinikizo la hewa ndani ya ndege ni sawa na la mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo chombo kilichofungwa kabisa hufura, na hewa yake ni kavu sana, hivyo fondanti iliyoachwa wazi hupasuka.

Ukumbini, fika mapema kuliko unavyodhani inahitajika, na ufike na vifaa vya matengenezo: krimu na fondanti ya rangi ileile, aisingi ya ute wa yai kwenye mfuko wa kupambia, kisu bapa, kibanio kidogo, brashi, nguzo za akiba na kitambaa safi. Kagua meza kwa kipimo cha usawa kabla ya kupandisha ngazi ya kwanza, na uchague mahali pasipo na jua la dirishani wala taa kali za jukwaa. Piga picha keki ikiwa imekamilika mbele ya anayeipokea. Halafu mkabidhi mwenye dhamana ya kukata keki karatasi yenye idadi ya nguzo, mirija na nyaya zilizomo katika kila ngazi, ili azihesabu zote zinapotoka kabla kipande cha kwanza hakijapelekwa kwa mgeni.